Sola shuleni: Tuhesabu kabla ya kununua

Naomba nianze kwa kukiri kosa, kwa kuwa mwalimu anayesahihisha makosa ya wengine huku akiyaficha yake hastahili kusikizwa.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mlezi wa chama cha sayansi katika shule moja ya upili iliyoko nyanda za juu, pande zile ambako chai hustawi na ukungu hukaa hadi saa nne za asubuhi. Wanafunzi wa kidato cha tatu waliunda kifaa cha kupimia mvua na kina cha maji katika tangi la shule. Ndani ya kisanduku kulikuwa na bodi ndogo ya kompyuta ambayo kila robo saa iliandika vipimo katika kadi ya kumbukumbu. Umeme wake ulitoka kwa paneli ya sola ya wati 3 iliyokazwa juu ya paa la maabara, pamoja na betri mbili ndogo za lithiamu. Nia ya vijana hao haikuwa mchezo. Kila mwaka shule ilikuwa ikiishiwa na maji ya mvua kabla ya muhula kwisha, nao walitaka rekodi ya mwaka mzima ili waweze kuuonyesha uongozi wa shule ni tangi la ukubwa gani lingefaa kujengwa.

Mwezi wa Februari tulikipeleka kifaa hicho kwenye mashindano ya sayansi na waamuzi wakakisifu. Mwezi wa Mei kilianza kuzimika usiku. Tukalaumu waya, tukalaumu fundi aliyelehemu, tukazitoa betri na kuzichaji kwa stima, kisha tukazirudisha. Mwezi wa Julai kikazimika kabisa. Msichana aliyekabidhiwa daftari la vipimo aliniletea kurasa tupu za wiki tatu, akaniuliza, "Mwalimu, tulikosea wapi?" Nikamjibu kwamba paneli ilikuwa mbovu.

Paneli haikuwa na kasoro yoyote. Kasoro ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeingia dukani, nikauliza bei, nikanunua paneli iliyolingana na pesa zilizokuwa mfukoni. Sikuwa nimeandika hata mstari mmoja wa hesabu. Mwalimu mkuu alipoombwa fedha za paneli nyingine alisema kwamba ameishuhudia sola ikishindwa kwa macho yake, na kwamba miradi ya aina hiyo ingoje nyaya za stima. Sikuweza kumlaumu. Nilikuwa nimewapotezea wanafunzi rekodi yao, na juu ya hayo nilikuwa nimeiharibia sola jina.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Umeme wa jua ni mali, na tena ni mali yenye mapato yanayopanda na kushuka kila siku. Anayeutumia bila daftari hufilisika bila kujua sababu. Leo nataka kuwaomba walimu wenzangu, pamoja na wanafunzi wanaojiandaa kwa mashindano na kwa kazi za mradi katika mtaala wa umilisi, tufungue daftari hilo kabla ya kufungua mkoba. Hesabu yenyewe si ngumu. Mwanafunzi wa sekondari ya msingi anaiweza. Kinachokosekana ni desturi ya kuifanya.

Ugumu wa kwanza ni wa maneno. Wengi wetu tunachanganya wati na wati-saa. Wati ni kasi, mithili ya kasi ya maji yanayotoka katika bomba. Wati-saa ni kiasi, mithili ya maji yaliyokwisha kujaa ndoo. Taa ya wati 5 ikiwaka kwa saa 4 imekula wati-saa 20. Wanafunzi wa mfumo wa 8-4-4 wamefundishwa kilowati-saa katika somo la fizikia, lakini aghalabu kwa ajili ya kukokotoa ankara ya stima tu. Ni nadra kuambiwa kwamba hesabu ile ile ndiyo inayopima betri iliyomo katika simu wanazoziona nyumbani.

Mfumo mdogo wa sola unafanana sana na maji ya mvua shuleni. Paneli ni paa linalokinga mvua. Betri ni tangi. Kifaa ni bomba linalochota. Hakuna mwenye akili timamu anayejenga tangi bila kuuliza ni watu wangapi watakaoteka, mvua hunyesha kiasi gani, maji mangapi humwagika njiani, na kiangazi huchukua siku ngapi. Maswali hayo manne ndiyo maswali ya sola, nayo yafaa yaulizwe kwa utaratibu huo huo.

Swali la kwanza: kifaa kinakula kiasi gani kwa siku? Twaa mita ya umeme ya maabara, uiunganishe katika njia ya mkondo, usome. Kifaa chetu kilikuwa kikivuta miliampea 100 kwa volti 5. Volti 5 mara ampea 0.1 ni wati 0.5. Mtu akiiona nusu wati hudharau, nami nilidharau. Lakini kifaa chetu hakikulala. Nusu wati kwa saa 24 ni wati-saa 12 kila siku ya Mungu. Kosa langu kubwa lilikuwa hapo: nilitazama kasi nikasahau muda.

Swali la pili: jua huleta kiasi gani? Hapa lazima tuelewe maana ya maandishi yaliyo nyuma ya paneli. Paneli iliyoandikwa wati 3 hutoa wati 3 pale tu inapomulikwa na mwanga wa wati 1000 kwa kila mita mraba, huku seli zake zikiwa na joto la nyuzi 25. Hayo ni masharti ya maabara ya kiwandani. Asubuhi na jioni mwanga hupungua, na wingu likipita hupungua zaidi. Kwa sababu hiyo wataalamu hukusanya mwanga wote wa siku na kuuhesabu kana kwamba ulikuwa mwanga kamili kwa muda fulani. Tuuite muda wa jua kamili. Sehemu nyingi za Kenya hupata wastani wa kati ya saa 4 na 6 za jua kamili kwa siku.

Neno wastani ndilo linalotuponza. Nchi yetu imekatwa na ikweta, basi tunajidanganya kwamba jua letu ni lile lile mwaka mzima na kila mahali. Mwanafunzi wa Lodwar au wa Garissa anaweza kusamehewa akidhani hivyo. Mwanafunzi wa Limuru, Nyeri au Murang'a hawezi, maana anajua vyema baridi na mawingu ya miezi ya Juni, Julai na Agosti. Mahali petu, Februari ilitupa kiasi cha saa 6. Katika zile wiki za ukungu wa Julai nilikadiria saa 3, na zilikuwepo siku ambazo hata hizo hazikufika. Kanuni ni kwamba mfumo upimwe kwa mwezi mbaya kuliko yote. Bwana harusi hapimiwi suti yake kwa mwili wa ndugu yake, wala kifaa cha Julai hakipimiwi kwa jua la Februari.

Swali la tatu: kiasi gani hupotea njiani? Paneli iliyolazwa juu ya mabati hupata joto kali, na kila nyuzi moja ya joto inayozidi 25 hupunguza nguvu ya seli za kawaida za silikoni kwa karibu asilimia 0.4. Seli zikifikia nyuzi 60, asilimia 14 hivi imekwisha kwenda. Ongeza vumbi, ongeza waya mwembamba, ongeza umeme unaopotea betri inapochajiwa na volti zinapogeuzwa kutoka kiwango kimoja hadi kingine. Kwa mradi mdogo si vibaya kuhesabu kwamba katika kila wati-saa 10, tutakazozitumia ni 7. Tuzidishe basi kwa 0.7.

Sasa tuijaribu hesabu hii kwa kifaa chetu. Februari: wati 3 mara saa 6 mara 0.7 ni wati-saa 12.6. Matumizi yalikuwa wati-saa 12. Tulikuwa tukibakiwa na wati-saa 0.6 tu, mfano wa mtu ambaye mshahara wake hulipa kodi ya nyumba na chakula kisha humwachia nauli ya siku moja. Julai: wati 3 mara saa 3 mara 0.7 ni wati-saa 6.3. Upungufu ni wati-saa 5.7 kila siku. Betri zetu mbili zilikuwa za volti 3.7, kila moja ikiwa na ampea-saa 2.5. Kwa pamoja ziliweka wati-saa 18.5. Gawanya 18.5 kwa 5.7, utapata siku tatu na ushei. Kifaa hakikuwa na ugonjwa wowote. Kilikufa kwa njaa, na tarehe ya kufa kwake ingeweza kuandikwa ubaoni mwezi wa Januari kwa chaki.

Swali la nne: betri ihimili siku ngapi bila jua? Katika nyanda za juu, siku tatu ni kiasi cha chini. Siku 3 mara wati-saa 12 ni wati-saa 36. Lakini betri haifai kukamuliwa hadi tone la mwisho. Betri ya lithiamu yafaa itumiwe asilimia 80 hivi, na ile ya risasi na asidi, ambayo wengi tunaijua kutokana na magari, isipite asilimia 50 ikiwa tunataka idumu. Basi 36 gawanya kwa 0.8 ni wati-saa 45. Kwa betri za aina tuliyokuwa nayo, zenye wati-saa 9.25 kila moja, tungehitaji tano. Na paneli? 12 gawanya kwa 0.7 gawanya kwa 3 ni wati 5.7. Hapo paneli ya wati 6 ingekuwa ya kubahatisha, na ya wati 10 ingekuwa ya busara, maana betri iliyoshuka wakati wa mawingu inahitaji ziada ya kuiinua tena jua linaporudi.

Msomaji atasema kwamba jambo limekwisha: tununue paneli ya wati 10 na betri tano. Mimi pia nilidhani hivyo nilipokamilisha hesabu hii, kwa kuchelewa, jioni moja ya Agosti. Aliyenizindua ni yule yule msichana wa daftari. Aliitazama karatasi, akaniuliza kwa nini kifaa kinakesha ilhali kinaandika mara moja tu kila robo saa.

Swali hilo lilikuwa na thamani kuliko paneli. Kifaa kilihitaji dakika moja tu kuamka, kupima na kuandika. Dakika 14 zilizobaki kilikuwa kikila bure. Bodi nyingi za siku hizi zinaweza kuamrishwa na programu zilale, nazo zikilala huvuta mkondo mdogo mno. Yetu, pamoja na vipuri vyake vingine, ilishuka hadi miliampea 2. Hesabu mpya ikawa hivi: dakika moja katika kila 15 ni saa 1.6 kwa siku, mara wati 0.5, ni wati-saa 0.8. Saa 22.4 zilizobaki mara wati 0.01 ni wati-saa 0.22. Jumla ni wati-saa 1 na chembe kidogo, badala ya 12.

Rudia sasa maswali yale. 1 gawanya kwa 0.7 gawanya kwa 3 ni karibu nusu wati. Paneli yetu ya wati 3, ile niliyoiita mbovu, ilikuwa kubwa mara sita kuliko haja. Siku 5 za giza zingehitaji wati-saa 5, na ukigawanya kwa 0.8 ni wati-saa 6.3, ambazo betri moja tu kati ya mbili tulizokuwa nazo ingezibeba na kubakisha. Hatukununua chochote. Tuliandika mistari michache ya programu. Mwaka uliofuata kifaa kilivuka Julai bila kuguswa, na msichana huyo, akiwa sasa katika kidato cha nne, akaijaza kila safu ya daftari lake. Hata hivyo, zile wiki tatu za mwaka wa kwanza zingali tupu hadi leo. Mvua iliyonyesha bila kupimwa hairudi ikapimwa.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu ndilo kiini cha ombi langu. Wati-saa iliyo rahisi kuliko zote ni ile isiyotumika, na mtu hawezi kuiona mpaka ameandika hesabu ya matumizi. Anayeanza na duka huishia kununua paneli kubwa ili alishe ubadhirifu asioujua.

Kuna mitego mingine ambayo hesabu humsaidia mwanafunzi kuigundua. Mmoja ni lebo za uongo. Betri ya lithiamu ya umbo la mviringo iitwayo 18650, yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, huuzwa katika maduka yetu ikiwa imeandikwa miliampea-saa 9900. Hakuna betri ya ukubwa huo inayofikia hata nusu ya kiasi hicho. Zilizo nzuri huwa kati ya 2000 na 3500 hivi, na uzito wake hukaribia gramu 45. Ile ya uongo mara nyingi ni nyepesi mkononi. Mwanafunzi mwenye mizani, mita na subira ya kuikamua betri polepole huku akiandika muda anaweza kumfichua mwongo bila kwenda mahakamani.

Mtego mwingine ni kulinganisha ampea-saa bila kutazama volti. Benki ya umeme ya kuchajia simu iliyoandikwa miliampea-saa 20,000 imehesabiwa kwa volti 3.7 za ndani, yaani wati-saa 74. Ikitoka kwa volti 5, haiwezi kupita miliampea-saa 14,800, na kuna upotevu juu ya hapo. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7 pekee ina wati-saa 84, ingawa namba yake ni ndogo. Tukiwafundisha wanafunzi kugeuza kila kitu kiwe wati-saa kabla ya kulinganisha, tumewakinga na nusu ya udanganyifu wa sokoni.

Mtego wa tatu ni mkondo wa ghafla. Kifaa kinachotuma ujumbe kwa modemu ya simu kinaweza kuwa na matumizi madogo kwa siku nzima, lakini baadhi ya modemu za mtandao wa 2G hudai hadi ampea 2 kwa kitambo kidogo wakati wa kutuma. Betri dhaifu au waya mwembamba hushindwa hapo, volti zikaanguka, na bodi ikajizima na kuanza upya. Basi pamoja na kuuliza kiasi cha siku, tuulize pia kilele.

Usalama nao usisahaulike. Betri ya lithiamu ya kawaida isipandishwe kupita volti 4.2 kwa seli, isigongwe, wala ncha zake zisigusanishwe, kwa maana huweza kuwaka moto. Kidhibiti cha chaji kiwe cha aina ya betri iliyopo. Kile cha betri ya gari hakifai kwa lithiamu. Mwalimu asimwachie mwanafunzi kazi hii akaenda zake kunywa chai.

Haya ninayoyasema si mageni katika nchi hii. Katikati ya miaka ya 1980, mhandisi Mmarekani Harold Burris, ambaye awali alikuwa mfanyakazi wa kujitolea wa Peace Corps, alikuwa akifanya kazi ya sola pande za Meru. Mwenzake Mark Hankins, naye wa Peace Corps, alikuwa mwalimu katika Shule ya Upili ya Harambee ya Karamugi, mbali na nyaya za stima. Taa za sola zikawekwa katika shule hiyo, na mafundi wa eneo hilo wakafunzwa kazi. Kutoka sehemu kama hizo ujuzi ulienea hadi kwa kaya za wakulima, ambazo nyingi zilinunua paneli kwa fedha zao wenyewe, bila kungoja msaada wa serikali. Hankins aliendelea kuandika miongozo ya mafundi, na ule wa mwaka wa 1991 kuhusu mifumo midogo ya sola barani Afrika ulisomwa na wengi. Kwa hiyo shule ya Kenya ni mojawapo ya mahali ambapo historia ya sola yetu ilianzia.

Lakini wale waliokuwa watu wazima katika miaka ya 1990 wanakumbuka pia upande wa pili. Kaya ilinunua paneli ndogo ili kuchaji betri ya gari iliyokuwa ikiendesha televisheni. Televisheni ilitazamwa hadi usiku, jua la kesho likashindwa kurudisha kilichokwenda, na betri ikakaa nusu tupu wiki baada ya wiki mpaka ikafa. Kisha ikabebwa kwa baiskeli hadi mjini kuchajiwa kama zamani, na jirani wakasema sola ni ulaghai. Mwalimu wangu mkuu alisema maneno yayo hayo miaka mingi baadaye. Ujuzi wa kuwasha ulienea kuliko ujuzi wa kuhesabu, na jina la sola likalipa deni hilo.

Najua yako mawili yatakayosemwa dhidi yangu. Wa kwanza watasema kwamba paneli zimeshuka bei sana tangu siku hizo, basi kwa nini tujisumbue? Anunuaye kubwa hatajuta. Kweli bei zimeshuka. Lakini paneli kubwa haiongezi ukubwa wa betri ndogo. Siku tatu za mawingu zitaimaliza vile vile. Isitoshe, shule nyingi hazina hata hizo fedha za paneli ndogo, na mwanafunzi anayelipiwa karo kwa kuuza kuku hafai kuambiwa suluhisho ni kununua kikubwa zaidi. Na hata fedha zingekuwepo, shule si duka. Kazi yetu ni kumtoa mtoto akiwa anajua kwa nini kitu kinafanya kazi.

Wa pili watasema kwamba namba hizi ni za kukadiria: 0.7 ni makadirio, saa 3 ni makadirio. Ni kweli, nami siwafichi wanafunzi wangu jambo hilo. Ila kuna tofauti kubwa kati ya makadirio yaliyoandikwa na kubahatisha kusikoandikwa. Makadirio yaliyoandikwa yanaweza kupimwa na kusahihishwa. Mwanafunzi akiandika saa 3 kisha akapima na kupata saa 3.5, amejifunza kitu kuhusu anga la kwao. Asiyeandika chochote hana cha kusahihisha, na kifaa kikizimika atalaumu waya, kama nilivyofanya mimi.

Kwa hiyo ninayo mapendekezo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti ya wizara.

Kwanza, kila mradi wa shule unaotumia betri au sola uwe na ukurasa mmoja wa hesabu ya umeme, wenye majibu ya yale maswali manne: matumizi ya siku, jua la mwezi mbaya, upotevu, na siku za akiba. Mwalimu asiidhinishe ununuzi wowote kabla ya kuuona ukurasa huo na kuutia sahihi.

Pili, waamuzi wa mashindano ya sayansi waache kuridhika na taa inayowaka mbele yao mezani. Kifaa chochote huwaka kwa saa mbili kikiwa kimechajiwa jana. Wamuulize mwanafunzi, "Je, Julai kitakuwa kingali kinafanya kazi, na unajuaje?" Atakayejibu kwa namba apewe alama kuliko mwenye kisanduku kilichopakwa rangi nzuri. Wanafunzi hufuata penye alama, na walimu pia, tukubali ukweli huo.

Tatu, mita ya umeme iliyofungiwa katika kabati la maabara itolewe. Katika shule nyingi nilizozuru nimeiona ikitunzwa kama kombe la ushindi, ikisubiri siku ya mtihani wa vitendo. Mwanafunzi ambaye hajawahi kupima mkondo wa kifaa chake mwenyewe amekariri kanuni ya Ohm, hajaielewa. Na walimu wa hisabati wajiunge nasi, kwa kuwa hesabu hizi ni za kuzidisha na kugawanya tu, na mtoto anayelalamika kwamba desimali hazina faida ataiona faida yake siku kifaa chake kitakapovuka usiku.

Mapendekezo hayo yataonekana madogo. Lakini kizazi kilichoko madarasani sasa ndicho kitakachoweka vifaa vya kupimia mito, mashamba, visima na zahanati, mahali ambapo nyaya za stima zitachelewa kufika. Kifaa cha kuhifadhia chanjo au cha kuonya mafuriko kikizimika Julai, kitakachokosekana hakitakuwa kurasa za daftari la shule. Desturi ya kuhesabu hujengwa mtu akiwa bado kijana na kosa likiwa bado la bei nafuu.

Mimi nililipia kosa langu kwa wiki tatu za mvua ya watoto wa watu. Mwalimu unayesoma haya, huenda kuna mwanafunzi atakayekujia muhula huu akiomba fedha za paneli. Usimkatalie, wala usimpe haraka. Mpe kwanza karatasi na mita, umwambie arudi na hesabu.